Gitaa la umeme kwenye amplifaya ya besi: kuunganisha, kuseti na kutibu sauti mbaya

Gitaa la umeme lenye mlio safi haliharibu amplifaya ya besi. Spika ya besi imetengenezwa kusukuma hewa nyingi kuliko gitaa lako litakavyowahi kuidai. Uzi mnene wa gitaa ukipigwa wazi unatoa 82 Hz, na ule wa besi unatoa 41 Hz, oktavu nzima chini yake. Anayeharibu vitu ni yule anayefanya kinyume: anachomeka besi kwenye kiamplifaya cha gitaa na kupandisha sauti mpaka koni inalia kama karatasi inayochanwa.

Shida ya mpiga solo ni nyingine. Amplifaya ya gitaa huipika sauti. Saketi yake hupunguza sauti za kati, hasa kwenye 400 au 500 Hz, taa zake (vile vibomba vya kioo vinavyokuza sauti, si taa za kumulika) huchafua mlio kidogo, na spika yake ya inchi 12 huanza kukata karibu kila kitu kikishapita 5 kHz. Amplifaya ya besi haipiki chochote. Inakitoa kilichoingia vilevile kilivyo, kwa ukubwa, pamoja na mkwaruzo wa kucha kwenye uzi na mgongo wa mkono unaogonga mbao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hapa ni kupunguza. Anayeanza kwa kuongeza bezi (sauti nzito za chini), kuongeza trebo (sauti kali za juu) na kuongeza distosheni (mlio mchafu wa makusudi) atazunguka na nobu mchana kutwa.

Jambo lenyewe si geni. Fender walitoa Bassman mwaka 1952 kwa ajili ya gitaa lao la besi la Precision lililokuwa limetoka mwaka uliotangulia. Toleo la mwishoni mwa miaka ya 1950, lenye spika nne za inchi 10, likapendwa na wapiga gitaa kuliko wapiga besi. Uingereza, Jim Marshall na mafundi wake wakainakili saketi yake na kutengeneza JTM45, kwa hiyo mlio mwingi wa roki una asili yake kwenye amplifaya ya besi. Lakini usidanganyike na jina. Bassman ile ilikuwa ya taa, kisanduku chake kiko wazi nyuma, na haina twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Ile iliyopo kanisani kwenu au kwenye ukumbi wa mazoezi ni ya transista, imefungwa nyuma au ina tundu la kupumulia, ina twita na ina limita, saketi inayobana sauti isizidi. Ukoo mmoja, tabia mbali.

Ipi inafaa

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua yenye spika za inchi 10, mbili au nne. Spika ya inchi 10 hupanda juu vizuri na hujibu haraka. Ya inchi 15 peke yake, bila twita, ni butu kwa gitaa: mlio unabaki chini, na solo za juu zinasikika kama zimefunikwa blanketi. Yenye inchi 15 na twita inatumika, ila itabidi uishughulikie twita hiyo kwa makini, tutafika huko. Vile viamplifaya vidogo vya mazoezi vya wati 15 hadi 30 havina shida nyumbani, lakini ngoma zikianza utaanza kuvisukuma mpaka vipasuke, na transista ikipasuka hailii tamu kama taa.

Kinachohitajika zaidi ni nobu za sauti za kati. Amplifaya yenye bezi na trebo tu itakubana.

Kabla ya kuwasha

Angalia umeme. Amplifaya nyingi za mitumba zimetoka Marekani, ambako umeme ni wa volti 120. Tanzania soketi ina 230, Kenya 240. Tazama kibandiko cha nyuma. Kikisema 120V tu, usichomeke bila transfoma ya kushusha, na transfoma hiyo iwe na uwezo wa karibu mara mbili ya wati zilizoandikwa kwamba amplifaya inakula: ya wati 250 ipe ya VA 500. Angalia pia kama wameandika 50/60 Hz. Transfoma ya kushusha inabadili volti tu, na chombo cha 60 Hz peke yake kikitumia umeme wetu wa 50 Hz huchemka zaidi. Kama kuna swichi ya kuchagua volti, ihakikishe iko upande wa 230 au 240 kabla plagi haijagusa ukuta.

Tumia waya wa gitaa wenye wavu ndani, usiwe waya wa spika. Kwa macho zinafanana, zote zina jeki ya robo inchi. Waya wa spika ukitumika kwenye gitaa utavuma kama nzi chupani, na waya wa gitaa ukitumika kwenye spika utapata moto, kwa sababu uzi wake wa katikati ni mwembamba.

Kuna swichi au tundu lililoandikwa ACTIVE. Hilo hupunguza nguvu ya kinachoingia, mara nyingi kwa desibeli 10 hadi 15, kwa ajili ya besi zenye betri. Gitaa la kawaida lisilo na betri liingie PASSIVE. Lenye pikapu (vinasa mtetemo wa nyuzi) za betri ya volti 9 nalo lianze PASSIVE, lihamie ACTIVE kama taa ya CLIP, inayomulika sauti inayoingia ikizidi, haizimi hata nobu ya gain (nguvu ya kuingilia) ikiwa chini.

Zima kila kitu kilichoandikwa DEEP, CONTOUR, SHAPE au ULTRA LOW. Swichi hizo humpa mpiga besi mlio mnene kwa kuchimba shimo kwenye sauti za kati, na humo shimoni ndimo gitaa linamoishi.

Kuseti sauti safi

Hapa ndipo amplifaya ya besi inapostahili heshima. Kwa rumba, dansi, sebene na kwaya, ambako gitaa linatakiwa lilie safi na kila noti ijitenge na mwenzake, ina wati za akiba za kutosha na haichafuki mapema. Roland walipotoa JC-120 mwaka 1975 walitoa amplifaya ya gitaa ya transista yenye wati 120 na mlio safi kabisa, na watu wanaitafuta hadi leo. Hauko mbali sana nayo.

Nobu tutazisoma kama uso wa saa: mshale ukielekea juu ni saa sita, mwanzo kabisa ni saa moja, mwisho ni saa kumi na moja.

1. Masta (volyumu ya jumla) iwe chini, nobu zote za toni ziwe saa sita, twita izimwe. Volyumu ya gitaa ifunguliwe yote.

2. Piga kodi nzito kwa nguvu uliyo nayo jukwaani, usipapase. Pandisha gain mpaka taa ya CLIP imulike, kisha rudisha kidogo hadi imulike kwa nadra au isimulike kabisa. Ndipo upandishe masta.

3. Shusha bezi hadi saa tatu au saa nne. Kwenye amplifaya nyingi za besi nobu hii inafanya kazi zaidi kwenye 40 hadi 80 Hz, yaani chini ya noti ya chini kabisa ya gitaa. Ukiipandisha hupati gitaa nene. Unapata mtikisiko wa jukwaa na kishindo cha kiganja, na unamkanyaga mpiga besi.

4. Sauti za kati za chini, zile za 200 hadi 300 Hz, zishushe kidogo, saa tano hivi. Kodi za ridhimu zikiwa kama uji, endelea kushusha hapa kabla hujagusa kitu kingine.

5. Sauti za kati za juu, kwenye 800 Hz hadi 1.5 kHz, zipandishe hadi saa nane. Freti ya 12 ya uzi mwembamba ni 659 Hz, na ya 22 inakaribia 1,175 Hz. Solo yote ya juu inapita humo. Hii ndiyo nobu inayokutoa mbele ya bendi.

6. Trebo saa sita, halafu fungua twita pole pole hadi robo. Sikiliza pale ambapo noti inapata ncha lakini mguso wa piki bado hausikiki kama kijiko kwenye sahani. Ikizidi, punguza twita kwanza, trebo baadaye.

7. Malizia kwenye gitaa lenyewe. Nobu ya toni ya gitaa ishuke hadi 7 kwa solo za pikapu ya nyuma. Kwa ridhimu, nafasi ya kati ya pikapu mbili hutoa mlio mwembamba unaokaa vizuri juu ya besi.

Kompresa ya ndani, kama ipo, kidogo yake inasaidia solo za haraka kwa sababu noti zote zinatoka sawa. Kwa ridhimu izime, inaua mkung'uto.

Amplifaya za besi kwa kawaida hazina rivabu, na gitaa bila mwangwi wowote hukauka. Pedali ya rivabu au dilei fupi, milisekunde 100 hadi 150 yenye rudio moja linalosikika kwa mbali, inatosha. Korasi nayo inakaa vizuri sana kwenye amplifaya hizi, kwa sababu safi ni safi.

Halafu jambo dogo ambalo watu hulipuuza: iinue. Amplifaya ya besi iliyokaa sakafuni, tena kwenye kona, inaongezewa bezi na kuta zenyewe. Iweke juu ya kreti la soda, mbali na kona, na uinamishe nyuma kidogo. Twita sasa inaelekea sikioni badala ya magotini, na nusu ya uzito unaokukera unaondoka kabla hujazungusha nobu.

Distosheni

Hapa ndipo watu hukata tamaa. Pedali ya distosheni kwenye spika ya gitaa hulia vizuri kwa sababu spika inaficha takataka za juu. Kwenye twita ya besi takataka zote zinatoka nje, na mlio unakuwa kama nyuki ndani ya kopo. Kuna ubaya mwingine usiosikika. Sauti chafu ni nguvu ya mfululizo isiyo na mapumziko, na twita imejengwa kwa ajili ya vishindo vifupi. Ukiiachia wazi kwa sauti kubwa, inaweza kuungua.

Njia ya kwanza, ambayo haina gharama: zima twita kabisa, shusha trebo hadi saa nne, na utumie ovadraivu (pedali ya distosheni nyepesi) yenye sauti za kati nyingi, za aina ya Tube Screamer. Gain ya pedali iwe theluthi, volyumu yake juu. Pedali za aina hii hukata bezi kabla ya kuchafua, ndiyo maana zinasikika zimepangika hapa kuliko fazi, ile pedali ya distosheni nzito. Fazi kwenye kabati la besi ni tope, isipokuwa kama tope ndilo unalolitafuta.

Ukiwa na pedali ya ikwalaiza, iweke baada ya distosheni, si kabla. Kwa Boss GE-7, yenye mikanda saba kuanzia 100 Hz hadi 6.4 kHz, anzia hapa: 100 Hz shusha desibeli 5, 200 Hz shusha 3, 800 Hz na 1.6 kHz pandisha 3, 3.2 kHz iache, 6.4 kHz shusha mpaka mwisho.

Njia ya pili ni kiigizo cha spika, ama ndani ya pedali yenye madoido mengi au kama pedali yake yenyewe. Wengi hukosea hapa kwa sababu ushauri wake ni kinyume cha ule wa kwanza. Kiigizo kimeshakata juu ya 5 kHz, kwa hiyo ukizima twita tena unakata mara mbili na mlio unazama. Washa twita, rudisha nobu zote saa sita, au bora zaidi, ingia kwenye tundu la RETURN nyuma ili uiruke priampu ya besi yote, yaani sehemu ya mwanzo yenye gain na toni. Amplifaya sasa inafanya kazi kama spika ya kawaida tu, na toni yote inatoka kwenye pedali. Ila sauti inadhibitiwa na nani? Kwenye baadhi ya amplifaya nobu ya masta iko kabla ya RETURN na haitakuwa na kazi, kwa hiyo shusha volyumu ya pedali hadi mwisho kabla ya kuchomeka.

Hedi ya besi na kabati la gitaa

Hii ni sehemu nyingine ya mwongozo huu inayoweza kukuunguzia kitu. Kuunganisha hedi ya besi (amplifaya isiyo na spika ndani yake) na kabati la spika za gitaa kunatoa mlio mzuri sana, kwa sababu spika inapika tena. Lakini hesabu kwanza.

Tazama omu (Ω), kipimo cha ukinzani wa spika. Hedi ya transista iliyoandikwa kima cha chini 4 Ω inaweza kubeba kabati moja la 8 au mawili ya 8, ambayo kwa pamoja ni 4. Makabati matatu ya 8 yanakuwa chini kidogo ya 2.7, na hapo hedi inachemka na kuzima au kufa. Hedi ya taa ni tofauti: swichi yake ya omu iwe sawa na kabati, na usiiwashe kamwe bila spika, maana transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua ndani ya dakika chache za kupiga.

Kisha wati. Hedi ya wati 300 kwenye 4 Ω hutoa kati ya nusu na theluthi mbili ya hapo kwenye 8 Ω, tuseme 150 hadi 200. Kabati la gitaa lenye spika nne za Celestion Greenback, wati 25 kila moja, linabeba 100. Unaweza kulitumia kwa masta ya chini, lakini siku ya shoo mtu akipandisha, koili zinaungua. Harufu yake ni ya vanishi iliyopata moto, na ukiisikia zima palepale. Baadaye, amplifaya ikiwa imezimwa, weka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni, isukume ndani taratibu kwa usawa. Koili nzima huenda na kurudi kimya. Iliyoungua inakwaruza kama mchanga kati ya vidole.

Mkiwa wawili kwenye amplifaya moja

Inatokea kila Jumapili: solo na besi kwenye amplifaya moja, mmoja PASSIVE mwingine ACTIVE. Kwa baadhi ya amplifaya sauti zote mbili hutoka, lakini nobu za toni ni za wote, na limita ikimshika mpiga besi inakushika na wewe. Kila besi ikigonga, gitaa linadidimia.

Kama hakuna namna nyingine, mwachie besi tundu la mbele na wewe uingie AUX IN kupitia pedali yenye kiigizo cha spika, kwa sababu AUX huchanganya bila kupita kwenye toni za mbele. Usitumie RETURN hapa, mara nyingi itamkata mwenzako. Lakini tukiulizwa, tunasema mpe mpiga besi amplifaya yake na gitaa liende kwenye miksa kupitia pedali hiyohiyo. Gitaa linavumilia spika za ukumbi, besi haivumilii.

Kwenda kwenye miksa

Tundu la XLR la nyuma, lile la waya wa kwenda kwenye miksa, linachukua sauti kabla ya spika. Kwa mlio safi ni sawa, mradi swichi iwe POST (baada ya nobu za toni), la sivyo nobu zote ulizohangaika nazo hazifiki kwa fundi mitambo. Kwa distosheni isiyopita kwenye kiigizo, XLR itapeleka nyuki wale wote ukumbini hata kama wewe jukwaani umezima twita. Hapo weka maiki ya aina ya Shure SM57 mbele ya spika moja, sentimita 3 hadi 5 kutoka kitambaani, ikilenga katikati ya kifuniko cha koni na ukingo wake. Usilenge twita.

Ikileta shida

Sauti dhaifu hata masta ikiwa juu: uko ACTIVE, au betri ya gitaa imekwisha.

Sauti inakatikakatika, kisha inarudi ukigonga amplifaya: mara nyingi ni tundu la RETURN lililoshika kutu ndani. Chomeka waya mfupi kutoka SEND kwenda RETURN. Ikipona, umempata mchawi. Safisha tundu kwa dawa ya kusafishia swichi.

Mvumo usiokoma: geuka robo duara ukiwa na gitaa mwilini. Ukipungua, pikapu zinanasa transfoma, kwa hiyo sogea mita moja na nusu kutoka kwenye amplifaya. Ukiisha unaposhika nyuzi, soketi huenda haina waya wa ardhi. Mwite fundi umeme, na usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi ili kuua mvumo.

Solo inasikika vizuri ukiwa peke yako na inapotea bendi ikianza: umeiseti ikiwa peke yake. Seti ngoma na besi zikipigwa, na ukitaka kusogea mbele ongeza nobu ya hatua ya 5 kabla ya masta.

Mlio unabanwa kila ukipiga kwa nguvu: limita inafanya kazi. Punguza bezi na volyumu ya pedali. Ikiendelea, amplifaya hiyo ni ndogo kwa ukumbi huo.